Mizunguko ya Dirisha la Mzee

Jumatatu, 3 Juni
Mzee wetu hainuki tena kitandani. Daktari kasema tujiandae. Naye mzee, mwalimu wa hesabu mpaka kwenye mifupa, katutangazia mimi na dada: nyumba atapewa atakayehesabu mizunguko yote ya nondo za dirisha lake. Miraba mitatu kwa mitatu. Unaanza kona yoyote, unafuata nondo, unarudi ulipoanzia bila kukanyaga kona mara mbili. Basi! Nyumba yangu hiyo.

Jumanne, 4 Juni
Nimepeleka jibu kabla ya chai: thelathini na sita. Mzee akakohoa, akauliza, na iliyopinda je? Kumbe nimehesabu mistatili tu. Dada kacheka. Yeye kutwa yuko kitandani kwa mzee, wameshikana mikono, wanafuata nondo kwa kidole hewani. Huo si wizi wa mtihani? Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatano, 5 Juni
Nimemtuma dada dukani, nikatundika blanketi dirishani asione kitu. Mzee kalalamika giza. Nikamwambia ni kwa afya yake. Nikampa jibu jipya: mia mbili na arobaini. Akasema nimechanganya na maumbo ya namba nane, yaani miraba inayogusana kwa kona tu. Hapo kona imekanyagwa mara mbili, haihesabiki. Aibu! Dada karudi, kang'oa blanketi, kanitukana mbele ya mgonjwa.

Alhamisi, 6 Juni
Mzee kagoma kula. Kanishika mkono, kaniambia nikae, hesabu niiache. Niiache! Ili dada amalize? Ng'o! Nikajinasua, mbio hadi kwa jirani, mwanafunzi wa chuo mwenye kompyuta. Mashine ikatoa mia mbili kumi na tatu. Nikarudi nikipiga kelele, mia mbili kumi na tatu! Dada alikuwa anamfumba mzee macho. Nilimtajia mzee jibu sikioni hata hivyo, tusije tukagombana baadaye.

Jumamosi, 8 Juni
Tumezika jana. Dada anasema nyumba ni yetu sote, mzee alishamwambia tangu siku ya kwanza. Anasema pia kwamba Alhamisi mzee aliniita, akaniita, mpaka sauti ikakatika. Nimelia. Haki ya Mungu, nimelia mpaka shati likalowa.
Halafu nikamuuliza dada kama mzee alitaja namba yoyote.