Suti ya Nenosiri

Kinanda, aliyeitwa hivyo kwa vidole vyake visivyotulia, alikuwa na shida moja tu duniani: Jumamosi alitakiwa kwa wazazi wa mchumba wake, na suti hakuwa nayo. Basi alipomsikia mama mshonaji akilalamika kwamba wifi yake anamwibia michoro ya magauni kwenye kompyuta, masikio yakamsimama.

"Shikamoo, mama. Hayo mafaili tunayafunga kwa nenosiri. Programu yake ni adimu, ila kwako nitaitafuta. Wewe nishonee suti tu."

"Marahaba, mwanangu. Adimu kiasi gani?"

"Watu wanaililia!"

Ilikuwa ya bure, imejaa tele mtandaoni. Kinanda akaipakua huku amekunja uso kama daktari wa upasuaji, akafunga michoro yote, na nenosiri akaweka la kwake. "Nitakutajia nikishavaa suti," akasema. Mama akamtazama kidogo, kisha akavuta futi yake akaanza kumpima kifua.

Ijumaa jioni suti ilikuwa inaning'inia dukani, nyeusi, imenyooka. Kinanda akaivaa, akajigeuzageuza mbele ya kioo, akajipenda kupita kiasi.

"Imekukaa," mama akasema. "Sasa ivue, nika..."

"Nenosiri ni jina la mchumba wangu!" Kinanda akadakia, na kabla mama hajaifikia kompyuta, kijana alishatokomea na suti mwilini. Ulikuwa uongo, bila shaka. La kweli alipanga kuliuza wiki inayofuata, kwa mashati mawili.

Jumamosi, huko ukweni, baba mkwe alimshika mkono kwa furaha, akautikisa weee, mpaka mshono wa begani ukaachia. Kinanda akaomba msalani, akapiga simu kwa kunong'ona.

"Mama! Mkono wa koti umetoka!"

"Si ulikimbia? Hiyo nimeishikiza tu kwa uzi wa kujaribishia, nione inavyokukaa. Cherehani haijaigusa. Na suruali vilevile."

"Suruali?!"

"Hasa nyuma. Haya, nenosiri?"

Akalitaja lote, herufi kwa herufi. Upande wa pili michoro ikafunguka, na mama akashusha pumzi ndefu. Kazi yake ya miaka ilikuwa imerudi mikononi mwake.

"Sasa nifanyeje, mama yangu?"

"Usiiname, usicheke, usikae."

Mlango ukagongwa. "Mkwe," baba mkwe akaita, "toka basi, bwana. Tumekuwekea kiti."