Piano Nne na Banda la Dada Eila

Jumatatu, 21 Oktoba

Siku ya maana! Nimesafisha nyumba nzima ya Mama Lempi Saarinen, anayehamia kwa bintiye. Nimebeba vyote. Makabati, makopo ya rangi, friji, na piano ya marehemu mamake. Nikamwapia kwamba hakuna hata kijiko kitakachofika dampo, kila kitu kitapata nyumba mpya. Wala si maneno matupu, yameandikwa ubavuni mwa lori kwa rangi ya kijani, pamoja na jina letu la ukoo: NIEMI HATUPI KITU. Mama Lempi alifuta machozi, akanifungia mkate wa iliki. Brenda Kozak, mshindani wangu, angeipeleka piano ile moja kwa moja kuvunjwa, jicho kavu. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mfanyabiashara na mtu mwenye roho!

Ni piano ya tatu hii. Zote ziko kwenye banda la gari la dada Eila, pamoja na magodoro tisa, friji mbili, makopo ya rangi ambayo sijayahesabu, na baiskeli sita za mazoezi, zile ambazo watu huzinunua Januari na kuzichukia Februari.

Jioni dada Eila karudi kazini. Anaendesha basi la mji, huamka saa kumi alfajiri, na majira ya baridi yaliyopita alikwangua barafu kwenye kioo cha gari lake kila siku kwa sababu bandani hapakuwa na nafasi. Hakupiga kelele. Alisema banda liwe tupu Jumamosi saa sita mchana. Lisipokuwa tupu, anamuuzia Brenda lori. Lori ni la marehemu baba, lakini kadi ina jina la Eila.

"Na usinifanyie masihara, Reijo. Ahadi ni deni."

Lori la baba! Kwa Brenda! Nimekula mkate wote wa Mama Lempi kwa hasira. Lakini siku tano ni nyingi, na mipango ninayo.

Jumanne, 22 Oktoba

Mpango rahisi mno, najilaumu kwa kuchelewa. Hapa mtu asiyetaka kitu hukiweka kando ya barabara na kibao cha BURE, na kabla chai haijapoa kimeondoka. Nikatoa nje magodoro, baiskeli, friji moja. Kibao kikubwa. Nikaenda zangu kubeba meza za mtu, naimba njia nzima.

Narudi saa tisa, lundo limekua! Majirani wamedhani ni kituo cha kukusanyia. Kochi lisilo na miguu. Kitanda cha mtoto. Kichwa cha mnyama wa msituni kilichokaushwa, pembe moja imekatika. Kilichochukuliwa ni kimoja tu, nacho ni kibao.

Ningeviacha pale? Nimevirudisha ndani vyote, na vya majirani. Hata hivyo, kuaminiwa na mtaa mzima si jambo dogo.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimeamka na jibu. Kanisa! Toivo Mäkelä, mtunza ukumbi wa kanisa letu, kila siku analalamika kwamba watoto wa sasa hawajui nyimbo. Nikamwambia nina piano. Akasema moja atapokea, kisha akaenda zake sauna, kuoga mvuke. Anakaa humo mpaka aive. Lori la baba lina winchi, linanyanyua piano kama kikapu cha mayai. Alipotoka sauna nilikuwa nimeshapeleka tatu!

Banda likapumua. Dada Eila alipita humo kutoka ukuta hadi ukuta bila kujikwaa, nusura atabasamu. Furaha niliyoipata sina pa kuiweka.

Brenda akapita na lori lake, akapunguza mwendo. Nikamwambia ajionee mwenyewe, kazi inakwenda. Akalitazama kochi, akayatazama magodoro.

"Reijo, wewe huondoi takataka," akasema. "Wewe unazilea."

Wivu huo.

Alhamisi, 24 Oktoba

Simu! Kazi kubwa! Bibi mmoja wa kamati ya akina mama, sauti ya adabu. Wana mizigo minne mizito, wanataka mtu asiyeharibu mazingira. Akauliza kama ni kweli situpi kitu. Nikamwambia bora nitupwe mimi. Nikakubali papo hapo, bila kuuliza ni mizigo gani. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu!

Anwani niliitambua nilipofika. Ukumbi wa kanisa. Piano zangu tatu, na ya kanisa lenyewe juu yake, kwa kuwa Toivo alikasirika, akaona afadhali wabaki na gitaa. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini neno lilikuwa limeshanitoka. Nimezibeba zote nne. Wamenipa supu ya samaki, tamu ajabu.

Dada Eila alizitazama zikishushwa, akaingia chumbani. Nikamsikia kwenye simu akimtaja Brenda.

Ijumaa, 25 Oktoba

Huu ndio mpango wa mipango! Brenda mwenyewe ataondoa mzigo! Nimempigia simu kwa sauti ya kizee, nikajiita Mzee Virtanen, nikaomba asafishe banda kesho asubuhi. Nikataja anwani. Nusu saa baadaye yuko mlangoni na daftari. Sikuwa nimefikiria kwamba kwetu anapajua.

Hakucheka. Aliniita Mzee Virtanen mwanzo hadi mwisho, akanijulia na hali ya magoti. Akazunguka bandani akieleza. Rangi zinakwenda kwenye kituo cha sumu cha mji, wanapokea bure. Friji zinanyonywa gesi kwanza. Magodoro yanachanwa, chuma huku, sponji kule. Piano inavunjwa, chuma chake kinayeyushwa, mbao zinasagwa za kutandaza bustanini. Kinachobaki kwenda dampo hakijazi pipa. Malipo hataki, chuma kinamtosha, na anamwonea huruma dada Eila.

Niliona aibu. Aibu ya kweli, kama dakika mbili. Miaka minne najiita mlinzi wa mazingira, kumbe nilikuwa mlinzi wa stoo. Kisha nikakumbuka kwamba lori limepona, nikachangamka.

Jumamosi, 26 Oktoba

Brenda kafika saa nne na mafundi wawili. Watu hao ni moto! Rangi, friji, magodoro, kichwa cha mnyama, piano tatu, vyote vimepakiwa. Saa sita kasorobo imebaki piano moja tu, ya Mama Lempi. Fundi akainua nyundo.

Nikapiga kelele asimame. Sijui nini kilinipanda. Mama Lempi alilia mbele yangu, niliyaona machozi yake, na nilimwapia. Brenda akatazama saa, akasema nina dakika kumi na tano, nimpigie mwenyewe simu.

Nikampigia. Huwezi kumkimbiza Mama Lempi. Kwanza nyonga. Kisha mvua. Kisha paka wa bintiye na tabia zake. Dada Eila kasimama mlangoni na funguo za lori mkononi, ananisihi kwa macho. Ni lori la babake pia. Hatimaye nikapata upenyo, nikauliza kama naruhusiwa kuivunja piano ya mamake.

"Mwanangu," akasema, "nilichapwa vidole juu ya piano ile miaka sita. Nililia kwa furaha ulipoiondoa. Ivunje, nami nisikie."

Nikaielekeza simu kule. Nyundo ikashuka. Mama Lempi alicheka mpaka akakohoa. Saa ilikuwa sita na dakika nne.

Dakika nne zimezidi, na dada Eila kashika neno lake, kamuuzia Brenda lori. Alilia, nikalia, Brenda akatazama pembeni mpaka tukamaliza. Brenda alipowasha lori la baba alisema jina la Niemi atalifuta, ila si leo.

Jumapili, 27 Oktoba

Theluji ya kwanza. Gari la dada Eila limelala bandani, kavu. Asubuhi kanipikia chapati za maji za tanuri na jamu, akaniambia taratibu kwamba Brenda anatafuta fundi. Kazi inaanza kesho saa moja, na lori nitakaloendesha ni lile lile la baba. Nikasema nitafikiri. Kwa kweli nilishakubali moyoni. Nimetulia. Nimekuwa mtu mpya.

Kisha, kwenye kahawa baada ya ibada, Toivo kasema uwanja wa zamani wa magongo ya barafuni unabomolewa, viti vyote vinakwenda dampo. Viti elfu moja na mia mbili! Vya mbao! Nimesimama, nimeapa mbele ya kanisa zima kwamba hakuna hata kimoja kitakachofika huko. Wamenipigia makofi!

Dada Eila kajilaza kidogo, nami nimelipima banda kwa kamba. Vikipangwa vizuri vinaenea mia nne. Gari lake ni dogo, na theluji yenyewe haijafika hata kwenye vifundo vya miguu.