Mama Mkwe na Koki Niliyoifunga Mwenyewe

Jamani, leo sina pa kuuweka uso wangu.

Mama mkwe kafika asubuhi kutoka Marui, mara yake ya kwanza kuikanyaga nyumba yetu ya hapa Kibaha. Mimi ni karani, kazi yangu mihuri na mafaili. Lakini niliapa: mama hataoga kwa kopo kwangu! Nikafunga koki mpya ya bafu la mvua, nikaiunganisha na mabomba ya shaba, peke yangu, bila fundi. Nilipomaliza, kipete kimoja cha kubana maungio kikabaki mkononi. Nikasema hiki cha akiba. (Cha akiba! Mnanisikia?)

"Mwanangu, nipe ndoo tu," mama akasema, kainamisha macho kama ilivyo adabu ya wakwe.

"Ndoo, mama? Wewe fungulia tu, mvua ikunyeshee humo humo!"

Mke wangu yuko foleni ya sukari duka la ushirika. Mimi barazani, nasikia maji yanamwagika, natabasamu kama mgeni rasmi aliyekata utepe.

Pwaa!

"Mwanangu! Kitu kimeruka!"

Nikakimbilia koki kuu kule nje. Nikaizungusha kwa nguvu zote. Mpini ukakatika! Nikarudi nao mkononi, nakuta kandambili zinaelea sebuleni.

"Mama, umejistiri?"

"Nina kanga! Njoo upesi!"

Nikaingia kinyumenyume, macho nimefumba, mkono mmoja nyuma unapapasa bomba. (Mkwe hatazamwi, hata kwenye gharika.) Nikakanyaga sabuni. Miguu juu! Nikatua kwa makalio kwenye beseni, nikakwama. Kufumbua macho, mama mkwe huyo mbele yangu, povu kichwani kama kilemba. Na dirishani majirani wawili:

"Pole, Ndugu Karani!"

Pole gani ya kushika mbavu?

 Mama akaenda jikoni na povu lake, akarudi na gunzi na kisu. Akalichonga ncha, akaligongomea bombani kwa kisigino cha kiatu changu cha ofisini. Kimya. Hata tone!

Ndipo akanigeukia, mimi bado nimo kwenye beseni.

"Na huko ofisini, baba, kazi unaijua?"

Anayetaka kucheka acheke leo leo amalize. Mama anakaa wiki mbili, na mke wangu, tangu arudi na sukari, ameshaomba mara tatu asimuliwe.