Maji Haya ni ya Maua

Newala, juu mlimani, mwaka wa 1907

Kwa janabu Bwana Mkubwa wa Boma la Lindi, msikilizaji wa mashauri ya watu na, kuanzia leo ukipenda, ya miti.

Ama baada ya salamu nyingi na heshima ipasavyo, mimi ni Husseni bin Haji, mzaliwa wa Masasi. Nimeoa huku Newala na naishi uani kwa mama mkwe wangu, maana desturi ya huku mume humfuata mke. Kazi yangu ni kunyunyizia maji maua ya Bwana Daktari. Nakuandikia kwa sababu kazi hiyo inaelekea kuninyongesha, na kabla sijanyongwa ningependa kujua ni kwa amri ya nani.

Nianze na maua yenyewe, maana najua una mambo mengi na huenda hujapata kuyaona. Haya si maua ya kupandwa. Hayataki udongo, ukiyatia udongo yanaoza kwa hasira. Hukaa juu ya mti, mizizi imening'inia nje kama miguu ya mtoto aliyepakatwa, na chakula chao ni hewa. Bwana Daktari aliyakusanya kotekote, tangu bonde la Lukuledi mpaka Chilangala, akipanda miti yeye mwenyewe huku wapagazi wakimshikilia kofia. Kisha akayafunga kwa kamba za magome kwenye mkwaju wa mama mkwe wangu, kwa kuwa aliona mkwaju ule una kivuli kisichozidi na upepo usiopungua. Mama mkwe hakuulizwa. Mkwaju nao haukuulizwa. Kila ua likavishwa kibati chenye jina la Kizungu, nami nikapewa amri: niyanyunyizie kila asubuhi, nisiyaloweshe jioni yasije yakaoza moyo, niyaondolee siafu, na kila siku niyaite kwa majina yao kama askari gwarideni, ili ijulikane hakuna lililotoroka. Alipokwisha kuamuru hayo, akapanda meli kwenda Ulaya kupumzika. Mpaka leo anapumzika.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu neno "maji". Wewe unajua kuliko mimi kwamba tangu vita ile neno hili limeharibika. Siku hizi mtu mwenye kiu huomba "kile cha kunywa". Mwanamke akikutana na askari njiani, mtungi kichwani, akiulizwa amebeba nini hujibu amebeba uji mwepesi. Sasa katika nchi hii, katika mwaka huu, mimi ndiye niliyeamriwa na Serikali kusimama chini ya mti kila kukipambazuka, kitita cha majani mkononi, nikichovya na kurusha, nikichovya na kurusha, huku nikiita kwa sauti ya kusikika: Anselia Afrikana! Angrekumu! Bulbofilumu! Hebu wewe ungekuwa askari apitaye njia, ungedhani nini?

2. Ombasha Rajabu, mkubwa wa askari waliopiga kambi hapa kwetu, alidhani hivyo hivyo. Alinikamata na majani yangu mkononi. Nikamwambia maji haya ni ya maua. Akauliza maua gani, maana siku ile hapakuwa na hata moja lililochanua, ni majani na mizizi mitupu. Nikamweleza kuwa yanakula hewa. Hapo akaona nimevuka mpaka, nikalazwa chini ya mkwaju nikapigwa viboko hamsa ishirini.

Silalamikii kupigwa, kila nchi ina namna yake ya kuuliza maswali. Ninalolalamikia ni kwamba kiboko kilikatika mgongoni mwangu hesabu haijafika. Kilikuwa kizee, kimekauka, na nilikisikia mwenyewe kikilia kabla hakijakatika. Watu walikuwapo, wakaguna. Askari nao wakatazamana. Naomba iandikwe huko bomani kwamba kile kilikuwa mali ya Serikali na mgongo wangu haukukusudia.

3. Kesho yake nililala kifudifudi, sikunyunyiza. Akida akapita, akaona jani moja limesinyaa, akaapa kwamba nikiyaua maua ya Bwana Daktari nitapata hamsa ishirini nyingine. Basi nikinyunyiza ni mwasi, nisiponyunyiza ni mharibifu. Njia mbili zilimshinda fisi, lakini fisi hakuwekewa kiboko kwenye kila njia.

4. Maji yenyewe yanapatikana vipi, hilo Bwana Daktari hakuliuliza. Huku mlimani hakuna kisima. Maji yako chini bondeni, na mke wangu Somoe hushuka jogoo la kwanza akarudi jua limekwisha kuchoma. Maji hayo ndiyo ya kunywa, ya kupikia na ya kutawadhia. Tena maua yanachagua: yakipata maji ya tope, majani hushika madoa. Kwa hiyo mtungi ukishatuama, maji ya juu yaliyo safi huchotewa maua, na ya chini yenye tope ndiyo yetu. Siku hizi Somoe akinipa maji ya kunywa hunipa kwenye kata ya maua, nami naelewa.

Na kwa kuwa tumefika kwenye chakula cha hewa, niruhusu neno moja. Mwaka juzi, mashamba na maghala yalipochomwa moto ili waasi waone njaa, sisi tusiokuwa waasi tuliiona pia. Tulikula hewa msimu mzima. Tulijitahidi sana, Bwana Mkubwa, lakini hatukuchanua, wala hakuna aliyetumwa kuja kutunyunyizia asubuhi.

5. Kuhusu mama mkwe wangu, ambaye watu wote humwita Mama Fikirini. Kwa mila yeye na mimi hatuzungumzi uso kwa uso. Akiwa na neno nami huuambia mkwaju, mimi nikasikia. Yeye maua haya ameyapa jina: anayaita "wakwe". Ameueleza mkwaju sababu zake. Hayana mizizi katika ardhi ya hapa, yamekuja kukaa juu ya mti wa watu, hayalimi wala hayapalilii, na maji yanateremkiwa bondeni na mwanawe. Nilicheka sana siku ya kwanza, mpaka nilipoona kwamba mimi peke yangu ndiye ninayecheka.

Wako majirani wanaosema kuna wageni wengine pia waliopanda juu ya mti wa watu bila hodi na wakaanza kuletewa. Nimewakataza maneno hayo. Nimewaambia hao hawaletewi maji, hao huletewa kodi, na ni mambo mawili tofauti.

Sasa Mama Fikirini ameuambia mkwaju kwamba siku nitakayoinua tena kile kitita cha majani uani kwake, nikunje mkeka wangu nirudi Masasi. Nyumba ni ya mwanawe, watoto ni wa ukoo wake, mimi changu ni mkeka. Nikifukuzwa hapa nimekwisha, maana nampenda Somoe, na hilo nalisema wazi hata kama barua itasomwa na makarani.

Hapa naomba niweke mzaha kando. Fikirini alikuwa kijana wake wa pekee, shemeji yangu. Alikuwa mwepesi wa kuamini. Hata sokoni akitajiwa bei ya kuku aliikubali ile ile ya kwanza. Vita ilipoanza alikuja mtu na kitita cha majani na chungu cha maji, akamnyunyizia yeye na vijana wenziwe uani pale pale, akawaambia risasi zitageuka maji. Fikirini akashuka Masasi akiimba. Risasi hazikugeuka. Hata mwili hatukuupata. Na kila asubuhi mama huyu akifungua mlango wake, kitu cha kwanza anachokiona ni mimi, na majani, na maji. Ningekuwa yeye ningekwisha kunitwanga kwa mchi. Kama kuna nyumba katika nchi hii inayojua kwamba maji ni maji tu, basi ni nyumba yetu.

6. Kuhusu haki sawa kwa wanyunyizaji wote. Padre wa upande wa Masasi huwanyunyizia watoto maji hadharani na kuwatajia majina ya kigeni: Nikolao, Silvano, Yuliana. Nimeipima kazi yake na yangu, sioni tofauti. Ni maji na majina. Yeye hajapata hata kiboko kimoja, na Jumapili hupewa kuku. Ombasha Rajabu mwenyewe ni Mwislamu kama mimi. Hutawadha mbele yangu na kujipaka maji kichwani bila kujikamata. Na mvua ya juma lililopita iliwanyunyizia askari wote kambini pamoja na bendera. Kwa sheria niliyopigiwa mimi, bendera ile ni mwasi, nami ningekuwa Serikali ningeiweka chini ya ulinzi mpaka ikauke.

Kwa hayo yote naomba mambo matatu, uchague lililo jepesi.

Unipe kibali chenye mhuri wa tai, nikitundike mtini, kiseme kwamba maji ya Husseni bin Haji ni maji tu; hayana nguvu yoyote; hayazuii risasi, kiboko, homa, wala mama mkwe.

Au kama mhuri umekwisha wino, basi maua yahamishwe Lindi, yafungwe kwenye mlingoti wa bendera. Upepo wa pwani upo wa kutosha, jua utalizuia kwa turubali, na Ombasha Rajabu atayanyunyizia, kwa kuwa yeye ana bunduki na hatashukiwa. Akumbuke tu kuyaita majina. Bulbofilumu ana kiburi asipotajwa.

Au kama hilo nalo ni zito, itoke amri ya Serikali kwamba kuanzia mwezi ujao maji yabadilishwe jina katika nchi nzima. Wanawake wa hapa wanapendekeza "uji mwepesi". Wameshalizoea.

Nangoja jawabu lako nikiwa kifudifudi, nusu kwa heshima na nusu kwa kukosa namna nyingine ya kulala. Msalimie bibi yako na watoto kama wapo. Wasalimie makarani watakaoisoma barua hii kabla yako. Msalimie Bwana Daktari huko anakopumzika, na umwambie Angrekumu ametoa mzizi mpya. Somoe anakusalimu, akida anakusalimu, mkwaju unakusalimu. Mama Fikirini aliingia ndani nilipoutajia mkwaju jina lako, lakini salamu zake nimezihesabu.

Mimi mtiifu wako, mnyunyizaji wa Serikali,
Husseni bin Haji

Nyongeza chini ya sahihi:

Nilikuwa nimekwisha kuikunja barua hii. Adhuhuri ya leo amekuja Ombasha Rajabu, hana kiboko, tarbushi ameishika mkononi. Nikajua ni kamba ya kuninyonga. Kumbe ameamriwa yeye na wenziwe waende Ungoni kuwasaka waasi waliobaki porini, na anaogopa. Akasema tangu kiboko kilipokatika mgongoni mwangu hajapata usingizi. Akasema anaomba nimnyunyizie, kama yale maua, na yale majina yote niyataje, nisiruke hata moja.

Nikamwambia maji haya ni ya maua. Akaniambia anajua, watu wenye dawa ya kweli ndivyo wasemavyo. Nikamwambia ni maji ya bondeni, mke wangu ndiye anayeyateka. Akauliza kama mke wangu huteka kwa mkono wa kulia. Basi nikaona dawa yake ni mwenye nyumba. Nikamwita Mama Fikirini, nikijua atatoka na mchi.

Alitoka mikono mitupu. Akamtazama askari yule usoni, kisha akamwuliza kama mama yake yu hai. Ombasha akajibu, yu hai, mama. Akamwuliza kama ni mtoto wa pekee. Akajibu ndiyo. Mama Fikirini akanigeukia mimi. Hakuuambia mkwaju, Bwana Mkubwa. Aliniambia mimi, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe mwanawe. Akasema, "Mnyunyizie, mkwe wangu. Mnyunyizie vizuri, kama alivyonyunyiziwa Fikirini." Akaingia ndani mwenyewe akaleta maji, yale ya juu, safi.

Nilimnyunyizia. Majina niliyataja yote. Ombasha akabusu mkono wa mama, akaondoka anatembea kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mpaka sasa sijui kama mama mkwe alimbariki au alifanya lile jingine, na sina ujasiri wa kumwuliza.

Kwa hiyo kile kibali cha kusema maji yangu hayazuii risasi, naomba ukicheleweshe kidogo. Kesho asubuhi wanakuja askari wote waliobaki, na Mama Fikirini ameuchukua mtungi mkubwa kuliko yote, amemwacha Somoe apumzike, ameshuka bondeni mwenyewe kuwatekea.