Celestina Hakuenea

Jumatatu, 3 Juni 2024
Nyaishozi itanijua! Celestina, nesi mwenye mwendo wa kusimamisha bodaboda, ameniahidi jibu baada ya harusi ya dada yake Jumamosi. Ndiyo au hapana. Nimejitolea kuchapa ratiba ya sherehe hapa dukani. Leonidas wa duka la jirani ati nitumie kompyuta yake mpya. Nikamwambia yangu ilianza kazi yeye akiwa bado ananyonya.

Jumatano, 5 Juni
Balaa! Programu inakata majina. Herufi nane, basi. Celestina anatoka CELESTIN. Baba yake, mzee Rwegoshora, anatoka RWEGOSHO! Sababu naijua, mimi nimefika Kampala: zamani kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa finyu, watunzi wa programu wakapima majina kama chumvi ya kuazima. Dawa? Kuongeza kumbukumbu. Nimeagiza Bukoba.

Ijumaa, 7 Juni
Nimepachika. CELESTIN bado! Kumbukumbu tele, lakini programu inabana vilevile, kama shangazi yangu anayeficha maharage uvunguni tangu mwaka wa njaa. Leonidas (jina lake, kwa hila za shetani, linaenea lote) akanishauri niongeze A kwa kalamu. Kalamu! Kwenye kazi ya kompyuta! Nimechapa hivyohivyo. Nani asiyemjua Celestina?

Jumamosi, 8 Juni
Mshereheshaji. Katoka Kaisho, hamjui mtu. Akasoma kilichoandikwa: msimamizi wa bibi harusi, Bwana Celestin, asimame tumwone! Celestina akasimama na gauni la zambarau. Mshereheshaji akamsifu kwa kunyoa ndevu vizuri. Mawee! Wazee wakapaliwa na lubisi, pombe yetu ya ndizi.
Nikamkimbilia, nikamweleza habari za herufi nane, kwamba kosa ni la kumbukumbu. Akauliza kumbukumbu ya nani, mbona chini ya ratiba jina langu, MTAALAMU PROTASE, limenona, halijapungua hata mkia? Jibu akanipa palepale, mbele ya shangazi zake: hapana. Akaongeza kwamba ina herufi sita tu, itaenea.

Jumanne, 11 Juni
Leonidas kaonekana Nyakahanga, kampakia Celestina kwenye pikipiki. Nimewasamehe, moyo wangu ni mkubwa. Nimekaa, nimechunguza kitaalamu, kosa nimeligundua: mashine ni nzima, tatizo ni Celestina. Jina refu mno! Sasa kuna Ruth, anayeuza maandazi karibu na stendi. Nimemchapa kwa majaribio. RUTH! Kaenea mzima, na nafasi nne zimebaki za watoto.