Nathanaeli Ndani ya Kasha la Hesabu

Wenzangu, leo nimeaibika mbele ya darasa zima, na chaki iliyoniaibisha nilikuwa nimeishika mwenyewe.

Mnajua niko Heru Juu kwenye mazoezi ya kufundisha. Leo Mama Skolastika, mkufunzi wetu wa hisabati, alikuwa anakuja kutoka Kasulu kunipima. Niliapa kwamba safari hii hataniandikia tena "somo limepooza". (Aliniandikia hivyo kwenye somo la hesabu za sehemu, nusu na robo. Lilikuwa limepooza kweli.)

Nikaenda kuomba kasha la mbao lililokuja na mashine ya kusaga ya kijiji. Ni kubwa, mtu mzima anaingia akikunja magoti. Nikatoboa tundu juu na tundu chini. Darasa la saba nikawaambia hii ni mashine ya hesabu. Kule kwenye mashine ya kusaga, mahindi yanaingia juu, unga unatoka chini. Hapa inaingia namba, linatoka jibu. Tena mashine hii hufanya kazi yoyote utakayoifundisha, mradi uipe kazi hiyo jina na uieleze inafanyikaje.

Ndani ya kasha alikuwa Nathanaeli, yule kijana wa Busunzu tuliyepangiwa naye shule moja. Ni hodari wa hesabu za kichwa, lakini anapenda kusahihisha. Jana tulipojaribu alinibishia kutoka humo humo ndani mpaka nikachoka. Nikamwonya: "Leo wewe ni mashine. Fanya nitakachosoma, usiongeze akili yako. Jibu ukilipata, litoe kwenye karatasi; sauti usitoe."

Landrova ikafika. Mama Skolastika akaniuliza mwenzangu yuko wapi, maana naye alikuwa wa kupimwa baada yangu. Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Mdomo ukajibu wenyewe kwamba ana homa, amelala. Akasikitika, akasema somo likiisha atampitia kumpa pole. (Mwenye busara angekiri hapo hapo. Mimi nilisafisha ubao.)

Somo likaanza vizuri kuliko nilivyoota. Nikaandika MARADUFU: zidisha kwa mbili. Wakatumbukiza karatasi yenye saba, ikatoka yenye kumi na nne. Darasa likapiga kelele za furaha. Nikawaruhusu watunge kazi zao. Msichana mmoja, Ester, akatunga MKWE: jumlisha tatu. Alieleza kwamba mkwe hafiki peke yake, lazima uongeze sahani. Tukaunganisha: tano iingie MKWE, jibu lake liingie MARADUFU. Ikatoka kumi na sita. Nikamwona Mama Skolastika anaandika huku anatabasamu.

Tamaa ikaniingia. Nikataka kuwaonyesha kwamba kazi inaweza kujiita yenyewe. Nikaandika SHUKA: toa moja, kisha jibu lipeleke tena kwenye SHUKA. Nikaisoma kwa sauti ya kujidai. Kichwani mwangu ingefika sifuri, isimame. Kichwani mwangu. Ubaoni sikuandika.

Tukaingiza nne.

Kimya. Nikasema mashine inafikiri. Nikaligonga kasha kama watu wanavyogonga redio. Ester akasema labda mkanda umekatika. Nikacheka, peke yangu. Ndipo sauti ya upole ikatoka kwenye lile tundu la chini.

"Mwalimu, nimefika hasi mia mbili na sita. Niendelee kushuka?"

Mstari wa mbele wote ukahamia nyuma. Mtoto mmoja akamwita mama yake. Nathanaeli, kusikia vurugu, akasukuma kifuniko akachomoza kichwa kilichojaa vumbi la mbao.

Mama Skolastika akavua miwani taratibu. "Nathanaeli," akasema, "pole na homa."

"Asante, mama."

(Alisema asante. Huyo ndiye mtu niliyemtegemea.)

Nilitamani kutoka nitembee mpaka Kibondo bila kugeuka nyuma. Lakini watoto walikuwa wananitazama, na kengele bado. Nikaokota chaki. Nikauliza kazi hii imekosa nini. Ester akanyoosha mkono, akasema haina pa kusimama. Nikaandika chini yake: ukifika sifuri, simama. Nathanaeli, akiwa kasha limemfika kiunoni, akaanza upya kwa sauti na darasa zima likamfuata: tatu, mbili, moja, sifuri. Akanyamaza. Wakapiga makofi mpaka darasa la jirani likaja kuchungulia madirishani.

Mama Skolastika akaniita nje. Akasema kweli somo halikupooza. Nikaanza kushukuru, akaninyamazisha kwa kidole. Alama hatatoa leo, alisema, kwa kuwa alikuja kupima walimu wawili akakuta mwongo na mashine. Kesho asubuhi anarudi. Nathanaeli atafundisha somo lile lile.

"Na wewe, binti," akasema akiingia kwenye gari, "ndiye utakayekuwa ndani."

Chekeni tu, wenzangu. Ila ugali wangu usiku huu pakueni kidogo. Kesho lazima nienee kashani.