Mwalimu wa Gesi ya Pili

Jumatatu, 11 Agosti 2014
Palma. Mwaka wa pili wa shahada ya gesi, na gesi yenyewe sijaiona hata ya kiberiti. Tunasomea kwenye ghala la mbata. Gesi ya Kwanza haikufundishwa. Mwalimu alikataa kuhama Maputo. Tukarushwa hadi Gesi ya Pili. Nayo haina mwalimu! Leo mkuu wa chuo, Bwana Jerónimo, katangaza mtihani Jumatatu ijayo. Atakayeongoza atapata estágio, mazoezi ya kazi kwenye kambi ya gesi ya Afungi. Nafasi moja tu. Mama kule Quionga keshawaambia majirani ni yangu. Zulfa naye anaitaka. Zulfa! Anayechonga penseli hata siku ambazo hakuna somo.

Jumanne, 12 Agosti
Akili imefanya kazi! Nimemwambia Bwana Jerónimo niko tayari kufundisha Gesi ya Pili mwenyewe, bure, kwa moyo wa kizalendo. Nusura anikumbatie. Mtihani anautunga mwalimu. Nani atanishinda kwa maswali niliyoyatunga mimi? Kitabu pekee cha maktaba kiko chini ya kitanda changu.

Alhamisi, 14 Agosti
Somo la kwanza. Nilipanga kusema machache sana. Nikaandika "Gesi" ubaoni, nikapiga mstari, nikakohoa. Zulfa akasimama kwa adabu zote.

"Professor Abdulcarimo, kama hujui, sema tu. Hatutakucheka."

Darasa zima likacheka. Damu ikanichemka. Nikafundisha mpaka adhuhuri ikaadhiniwa! Mabomba, valvu, shinikizo, maswali yote ya mtihani na majibu yake, ili wajue kwamba najua. Zulfa kaandika mpaka penseli ikaisha. Koo limenikauka, lakini heshima imerudi.

Jumatatu, 18 Agosti
Siku ya mtihani. Nikachukua karatasi, nikakaa. Bwana Jerónimo akauliza nafanya nini. Nikasema mtihani. Akasema mwalimu hafanyi mtihani, anasimamia. Nikamkumbusha kuwa mimi ni mwanafunzi. Akasema hayo ningeyafikiria kabla ya kuomba ualimu. Nikazunguka ghala asubuhi nzima nikitazama watu wakiandika majibu yangu. Roho iliniuma vibaya.

Jumatano, 20 Agosti
Zulfa kaongoza. Nimemsahihisha mwenyewe, nilitafuta kosa mpaka macho yakauma. Leo gari la kambi limekuja kumchukua. Kanishukuru mbele ya watu, na nadhani alikuwa anasema kweli, jambo lililoniudhi zaidi. Mimi nimeandikiwa "hakufanya". Gesi ya Pili nitairudia mwakani. Mama kapiga simu kuuliza naanza lini Afungi. Nikasema mtandao mbaya, nikakata. Kisha nikalia kidogo.

Alhamisi, 21 Agosti
Neema! Gesi ya Tatu nayo haina mwalimu, na kambi inataka mwanafunzi mwingine, yule atakayeongoza mtihani wake. Nimekaa kwa utulivu nikatafuta nilipokosea. Nimepaona: maswali yalikuwa mepesi mno. Nimepiga pasi shati, nimekwenda kwa Bwana Jerónimo kabla hajanywa chai, nikamwambia mwalimu amepatikana.